SILINDA YA TRENI YA MVUKE: USIIUZE SKREPA KABLA HUJASOMA HAPA

Haya wadau, leo siasa tunaiweka kando. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha ongeza nyingine kabisa, maana hii ni ndefu kidogo.

Miezi minne iliyopita nilikuwa soko la Memorial hapa Moshi natafuta viatu. Kwenye lundo la vitu vya watoto vya mtumba, chini ya madoli yasiyo na vichwa, nikaona kichwa cha treni cha chuma, urefu kama shibiri moja na nusu. Kizito balaa. Nikajua ni cha betri. Nikageuza chini nitafute pa kuweka betri, hakuna! Kuna tangi la shaba, chini yake kisahani cha moto, na pembeni silinda mbili za shaba ya njano, kila moja nene kama kidole gumba. Kumbe ni treni ya mvuke kweli, ile ya kuchemsha maji. Nikalipa elfu nane. Viatu sikununua.

Kufika mtaani tu, jamaa wa skrepa akaniona. "Mangi, hiyo shaba nakupa hela sasa hivi, elfu kumi na tano." Nikamwambia hii ni mashine. Akacheka. "Inatembea?" Nikanyamaza, maana magurudumu hata kwa mkono yalikuwa hayageuki. "Basi hiyo siyo mashine, hiyo ni kilo."

Neno hilo liliniuma, nisiwafiche. Ndiyo sababu ya makala hii. Vitu vingi vya shaba vinaishia kuyeyushwa si kwa sababu vimekufa, ni kwa sababu vimekwama. Na treni ya mvuke ikikwama, mara nyingi kosa liko kwenye silinda, na silinda inatengenezeka.

Kwanza tuelewane silinda ni nini. Chukua bomba la sindano la hospitali, toa sindano. Lile bomba ndiyo silinda, kile cha ndani chenye mpira ndiyo pistoni. Ukipuliza hewa kwenye tundu la mbele, pistoni inarudi nyuma. Sasa badala ya pumzi yako weka mvuke, na kitako cha pistoni kifunge kwenye gurudumu kwa fimbo. Umeshapata treni. Kilichobaki ni nani anafungua mvuke uingie na nani anafungua utoke, tena kwa wakati wake.

Kwenye vichwa vidogo vya bei nafuu kama hiki changu, wajanja walipata jibu rahisi sana. Silinda yenyewe inacheza, inayumba kama pendulo. Ubavu wake mmoja ni bapa na una matundu mawili, moja kwa kila upande wa pistoni. Unaegemea kipande kingine bapa cha shaba ambacho nacho kina matundu, ya kuingizia mvuke na ya kutolea. Silinda ikiyumba huku, tundu linakutana na la kuingizia. Ikiyumba kule, linakutana na la kutolea. Springi moja inazibana hizo sura mbili zisiachane. Basi, hamna kingine. Kampuni ya Mamod ya Uingereza, iliyoanza 1937, imetengeneza injini za watoto za namna hii miaka na miaka. Yangu sijui ni ya nani, maandishi yamefutika.

Ukishaelewa hapo utaona maradhi yanaweza kukaa sehemu tatu tu: pale sura mbili zinapokutana, pale pistoni inapogusana na ukuta wa silinda, na pale fimbo inapotokea nje. Mvuke ukipenya sehemu yoyote kati ya hizo, nguvu imekwenda.

Mi nilianza vibaya. Fimbo ilikuwa imeganda, nikachukua plaizi, nikaibana, nikavuta. Ikatoka kweli, na mikwaruzo mitatu juu yake. Mikwaruzo hiyo ninayo mpaka leo na nitaieleza mbele. Siku ya pili nikapanda Kiboriloni kwa babu mmoja aliyewahi kuwa fundi wa reli enzi hizo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umevuta kwa plaizi?" Hajanisalimia hata vizuri, jicho lishafika kwenye fimbo!

Akanieleza kwamba kilichogandisha wala siyo kutu. Ni oili ya zamani. Oili ikikaa miaka ndani ya silinda inageuka gundi, na shaba nayo inatoa ule uchafu wa kijani. Dawa yake ni subira. Unaiweka silinda kwenye kikopo cha mafuta ya taa usiku mzima, mbali na jiko. Asubuhi unaifuta mafuta yote, unaichovya kwenye maji ya moto ili shaba itanuke, halafu unaisukuma pistoni taratibu kwa kipande cha mti. Silinda ya pili nilifanya hivyo ikatoka laini kama siagi. Ya kwanza ndiyo hiyo nimeshaiharibu.

Kipimo cha uzima wa silinda hakihitaji mashine yoyote. Ipake oili kidogo ndani, ziba tundu la nyuma kwa kidole, vuta fimbo katikati, halafu iachie. Kama pistoni ni nzima itarudi yenyewe, maana umetengeneza ombwe kule nyuma na hewa ya nje inaisukuma. Ikibaki pale pale ulipoiacha, inavuja. Jaribu kwenye bomba la sindano utaona ninachosema. Yangu moja ilirudi nusu, nyingine haikurudi kabisa.

Sasa utasema, kavujo kadogo vile kana ubaya gani? Mbona treni kubwa zilikuwa zinatoa mvuke kila mahali na zinavuta mabehewa? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo mtu mmoja alipobadilisha dunia.

Majira ya baridi ya 1763 kuamkia 1764, kijana fundi wa vifaa vya vipimo kwenye Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa injini ya Newcomen, injini za kuvutia maji migodini. Ulikuwa mfano wa kufundishia darasani, silinda yake ya shaba ya njano ina upana wa inchi 2 tu. Fundi huyo ni James Watt. Akaitengeneza, ikawaka, ikapiga mapigo machache halafu ikakata. Mvuke umekwisha! Wakati injini kubwa za aina hiyo hiyo zilikuwa zinafanya kazi siku nzima. Wengine wangesema kidude cha kuchezea hicho, kirudisheni kabatini. Watt akang'ang'ana kutafuta mvuke unaenda wapi. Akagundua kwamba kila pigo silinda inapashwa moto na mvuke, halafu inamwagiwa maji baridi, halafu inapashwa tena. Mvuke mwingi ulikuwa unatumika kupasha chuma tu. Injini kubwa nazo zilikuwa zinapoteza hivyo hivyo, ila kwa kuwa ni kubwa hasara ilijificha. Mwaka 1765 akapata wazo la kupozea mvuke kwenye chombo cha pembeni ili silinda ibaki ya moto muda wote, na 1769 akapata hati ya uvumbuzi. Yote yalianzia kwenye ukarabati wa mfano mdogo, wadau.

Sababu ni hesabu ya kidato cha pili. Mvuke unavuja kwenye mzingo wa pistoni, lakini nguvu inatokana na eneo la uso wake. Mzingo ukiongezeka mara mbili, eneo linaongezeka mara nne. Pistoni yangu ina upana wa sentimita 1. Tulinganishe na Garratt za daraja la 59, vile vichwa vikubwa vya reli ya Afrika Mashariki vilivyotengenezwa Uingereza na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, vikiwa 34. Hizo zilikuwa treni za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, zaidi ya tani 250 kila moja, zikipiga kazi kati ya Mombasa na Nairobi. Kila kichwa kilikuwa na silinda nne, upana kama sentimita 52. Mzingo wake ni mara 52 ya wangu, lakini eneo lake ni mara 2,700 hivi! Presha ya boila ilikuwa 225 PSI, zaidi ya mara saba ya tairi la gari dogo. Piga hesabu, mvuke huo unaweza kuisukuma pistoni moja kwa nguvu ya zaidi ya tani 30. Yangu kwa 15 PSI inapata kama gramu 800, haifiki hata kilo moja ya sukari. Sasa mwanya wa unywele kwenye Garratt ni kelele tu. Kwangu mimi ni safari imekwisha.

(Vichwa hivyo vilipewa majina ya milima. Viwili bado vipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na kimoja kinaitwa Mount Shengena. Shengena ndiyo ile ya Upareni hapo jirani! Sisi wa Moshi reli ilitufikia kutoka Tanga mwaka 1911, ikafika Arusha 1929, lakini kijana wa umri wangu hajawahi kuona mvuke ukivuta behewa. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kimya, ilikuja na dizeli. Watu wakaendelea kuiita gari moshi hivyo hivyo.)

Turudi kwenye ukarabati.

Zile sura mbili bapa ndizo nilianza nazo. Kwa macho zilionekana sawa. Babu akaniambia nipake wino wa marker penseli uso mzima, nizisugue mara moja pamoja, niangalie. Wino ukafutika pembeni tu, katikati ukabaki. Maana yake katikati kuna bonde na mvuke unapita humo. Nikaenda duka la vioo nikapewa bure kipande kinene kilichobaki, kioo ndicho kitu bapa zaidi utakachopata mtaani. Juu yake nikatandaza msasa wa maji namba 1000, nikaulowanisha, nikawa nasugua ule uso kwa kuchora namba nane, bila kukandamiza, huku nikiugeuzageuza usiliwe upande mmoja. Wino ukiisha wote, umefika. Halafu msasa namba 2000 kwa kumalizia. Nilitumia jioni nzima kwa sura nne. Usifanye haraka, na kabisa usitumie ile pesti ya kusagia valvu za magari. Chembe zake ni ngumu, shaba ni laini, zinajizika humo na zitaendelea kusaga milele. Ukimaliza osha kwa maji na sabuni mara mbili, mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kisitoke na alama.

Springi nayo ina akili yake. Ukikaza nati sana, sura zinabanana na zile gramu 800 zote zinaishia kwenye msuguano. Ukilegeza sana, presha inaisukuma silinda nje na mvuke unatoka pembeni. Mi nilikaza mpaka gurudumu likawa zito kwa kidole, halafu nikarudisha nusu mzunguko, halafu robo. Inabidi uisikilize.

Pistoni iliyolegea ndiyo niliyodhani itanishinda. Kwa hesabu zangu ilitakiwa mtu wa kukereza anitengenezee mpya, na hela sina. Kumbe dawa iko kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi: ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, wanayozungushia kwenye nyuzi ili bomba lisivuje. Kata kipande, kisokote kiwe kama uzi, kizungushe kwenye mfereji wa pistoni mpaka kijae, rudisha pistoni ndani kwa kuizungusha. Inateleza, na joto la mvuke wa mashine ndogo haliisumbui. Ila isiguse moto wenyewe, ikiungua moshi wake ni sumu. Baada ya hapo kipimo cha kidole kikarudi chenyewe, tak! Ringi za mpira pia zinafaa kama una saizi yake, lakini ringi nyingi za kawaida za dukani zitakakamaa kwa joto. Zinazotakiwa ni za vitoni au silikoni.

Tepu hiyo hiyo nikaizungusha pale fimbo inapotokea, na hapo ndipo mikwaruzo ya plaizi inaponidai. Nimeisugua kwa msasa namba 2000 na Brasso mpaka kucha haihisi kitu, lakini fimbo bado inakula tepu. Kila baada ya safari nne tano naweka mpya. Silinda ya upande wa pili, ambayo sikuiwekea plaizi, sijaigusa tangu siku hiyo.

Sasa oili, na hapa wengi wanakosea. Wapagazi wa mlimani wanajua kwamba Horombo, mita 3,720, maharage yanagoma kuiva kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 88 tu, presha ya hewa iko chini. Ndani ya boila ni kinyume chake. Presha imepanda, kwa hiyo kwa 15 PSI maji yanachemka kwenye nyuzi kama 120. Oili nyepesi ya cherehani ikikutana na mvuke huo inakuwa maji maji, inasombwa, silinda inabaki kavu. Oili ya silinda za mvuke ni nzito kama asali na huchanganywa na mafuta ya mnyama kidogo, maana hayo ndiyo yanayong'ang'ania chuma kilicholowa. Zamani kabla ya oili za madini walikuwa wanatia mafuta ya ng'ombe au kondoo moja kwa moja. Oili ya giaboksi ina uzito mzuri lakini baadhi zina dawa za salfa ambazo zikipata joto zinaishambulia shaba, kwa hiyo mi niliiogopa. Nilipata kichupa cha oili yenyewe kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Matone machache kila safari, kichupa kitakaa miaka.

Vichwa vilivyo bora zaidi vina kikombe cha oili kwenye bomba la mvuke. Mvuke unaingia humo, unapoa, unakuwa maji. Maji yanazama chini ya oili na kuinyanyua, tone moja moja linaingia kwenye mvuke kuelekea silinda. Hakuna pampu wala nini. Nilipoelewa hiki kitu nilikaa dakika nzima nacheka peke yangu.

Kabla hujawasha moto, ngoja kwanza. Silinda mbovu inakuumiza moyo, boila mbovu inakuumiza mwili. Ukiokota kichwa cha zamani usikiwashe siku hiyo hiyo. Kijaribu kwa maji baridi: jaza boila mpaka juu kusiwe na hewa, sukuma maji ndani kwa pampu ndogo yenye geji mpaka presha ipite kidogo ile ya kazi, angalia kama kuna jasho kwenye maungio. Maji hayajibani kama hewa, kwa hiyo hata likipasuka halirushi vipande. Usijaribu kwa hewa. Valvu ya usalama isizibwe hata kama inapiga kelele ya kukera, na boila isiwashwe bila maji, maana maungio ya risasi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi mia na themanini na kitu. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, hayaachi magadi ndani.

Jumamosi ile nikawasha kwenye sakafu ya veranda. Dakika ya sita valvu ikaanza kuimba, nikafungua mvuke... treni ikatema maji, ikagoma. Nikajua ndiyo basi tena. Babu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Akasema "sukuma kwa mkono." Silinda ilikuwa baridi, mvuke wote wa kwanza uligeuka maji ndani yake, na maji hayabanwi, pistoni haiwezi kupita. Kwenye treni kubwa maji hayo yanaweza kupasua mfuniko wa silinda, ndiyo maana dereva alikuwa anafungua vijibomba vya chini kabla ya kuondoka, ule mvuke unaouona kwenye sinema ukitoka pembeni treni ikianza. Nikaisukuma kama mizunguko kumi na kitambaa mkononi, maji yakaisha, ikanitoka mkononi ikaenda kugonga mguu wa kigoda.

Ilizunguka dakika nane. Nikiimaliza huwa namwaga maji kikiwa bado na joto, natia tone la oili kila silinda, nageuza magurudumu kidogo kisha nakiweka. Hiyo ndiyo huduma yote, haizidi dakika mbili, na nadhani mwenye nacho wa kwanza huko ilikotoka hakuwahi kuifanya.

Jamaa wa skrepa alipita tena juzi, akasimama getini akaangalia mpaka maji yakaisha. Akaniuliza nikiuza naiuza shingapi. Siuzi. Ila ameniahidi akipata kitu chenye silinda ataniletea kwanza mimi kabla hajakipima kwenye mizani.

Wadau, naombeni msaada kwenye maoni hapo chini: nani anajua duka lenye ringi za vitoni ndogo, Moshi au Arusha? Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi karakana ya reli, muulizeni alikuwa anaponyaje fimbo iliyokwaruzwa, halafu mje mniambie. Msinitukane kuhusu plaizi, nimeshatukanwa vya kutosha Kiboriloni.